Spika ya Miguuni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mapenzi, na kabla sijasema lolote nipe kwanza hali yako. Kile kifua kimepona? Ulipoongea na mama Jumapili iliyopita ulikohoa mara tatu, mama akazihesabu, na tangu siku hiyo hatuna raha humu ndani mpaka tusikie umepona. Shemeji naye hajambo? Na wapwa zangu, bado wanagombania kile kiti cha dirishani? Wasalimie sana. Waambie mjomba wao hajawasahau, ila ana meno machache kuliko walivyomwacha.

Sisi huku wazima. Mama yupo, na ana nguvu za kutosha kutugombeza wote kabla hata chai haijachemka. Goti humsumbua asubuhi, lakini likishapata joto huenda kwa jirani akarudi na habari za mtaa mzima. Wifi yako anakusalimu mno. Ameletewa kazi ya kushona sare za shule, kwa hiyo siku hizi tunakula huku tukiokota nyuzi za buluu kwenye sahani. Mimi niko kwenye kibanda changu cha ufundi, mbele yangu kuna feni mbili zilizopasuliwa matumbo na redio moja inayoongea bila kunyamaza, maana mwenyewe alipoileta ilikuwa bubu, sasa naogopa kuizima. Nimesogeza bisibisi na vipande vya waya pembeni ndipo nikapata mahali pa kuweka karatasi.

Najua utajiuliza kulikoni barua, na simu ipo. Dada, wewe mwenyewe umeshanitania kwamba ukipiga, mimi husema shikamoo na kwaheri kwa pumzi moja, kisha nampa mama simu na kusingizia kazi. Ni kweli. Leo nina mengi, na ninajijua: nikisikia tu unaitikia upande wa pili, nitageuza maneno nianze kukuuliza habari za mvua. Karatasi haiitikii. Basi nivumilie.

La kwanza ni ujumbe. Mwalimu wa kwaya anastaafu. Miaka thelathini na mmoja ametupigia kinanda, sasa vidole vimeanza kukakamaa, na ibada yake ya mwisho itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Kamati ilimuuliza anataka aagwe na nini, akasema zawadi wagawane wenyewe, yeye anataka kitu kimoja tu: wewe usimame mbele uimbe ule wimbo wenu, yeye apige, kisha afunge kifuniko cha kinanda aende zake. Aliniagiza mimi nikuombe. Dada, aliniagiza miezi miwili iliyopita, na siku zote hizi nimekaa nao ujumbe huo kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni.

Jibu lako ninalijua. Utasema sauti ilishaondoka, aombwe mwingine. Mama ameniambia kwamba huimbi tena hata jikoni, na shemeji aliwahi kuninong'oneza kwamba kwaya ikianza redioni unanyanyuka kwenda kuizima. Wewe, dada! Wewe ambaye tulipokuwa wadogo ulikuwa ukiosha vyombo huku unaimba, nasi tukiwa chumbani tukijua kwa kusikiliza ubeti kwamba zimebaki sahani nne na sufuria. Nakuomba usimjibu Mwalimu kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu ndipo uamue.

Sasa nikupe habari za kanisani, maana zimenigusa mimi mwenyewe. Tangu miezi mitano iliyopita mchungaji ameanzisha masomo ya Jumatano jioni. Tunakaa kwenye kile chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki, watu kumi na watano hivi, na somo ni moja tu: nafsi. Anatuuliza huyu anayesema "mimi" ndani ya mtu ni nani hasa, na kwa nini vitabu vinatuambia tumkane. Juma la kwanza alitusomea maneno ya kufa kwa nafsi, ya mtu kupungua ili Mungu aongezeke ndani yake, na dada, yaliniingia. Nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yako kwamba mimi nafsi yangu naiua. Aliniuliza kama nitaiua kabla ya chakula au baada.

Nikaanza kazi. Kila Jumamosi alfajiri nilikwenda kanisani kuosha vyoo, kabla mtu hajafika, ili nisionekane. Nikaacha mashati yangu mazuri nikawa navaa lile moja la kijivu lililochanika kwapa. Nikihama kutoka kwenye ile mashine ya sauti ya kanisa ninayoiendesha ibadani, nakwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, pale panapopigwa na upepo. Na mtu akinishukuru kwa lolote, hata kwa kumpisha njiani, namjibu kwa upole kwamba si mimi, mimi si kitu. Niliona nimefika mbali. Ilifika wakati nikawa nawatazama wenzangu wa Jumatano na kuwaonea huruma, jinsi walivyo bado wachanga.

Wa kwanza kunitolea uvivu alikuwa Babu Funguo, yule mtunza kanisa. Jumamosi moja nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, ananisubiri. Alisema amevumilia juma la sita sasa. Alisema vyoo vile ni kazi yake, anaifanya kila Jumamosi saa moja, na kwamba mimi nikishaosha yeye hulazimika kuosha upya, kwa sababu siwezi kuosha, pembeni naacha uchafu na sabuni naacha inateleza, mama mmoja karibu avunjike nyonga. Kisha akaniuliza kama ninavyojificha alfajiri hivi, mbona huwa naacha lile shati la kijivu limetundikwa mlangoni mpaka watu wote wapite walione. Kumbe nilikuwa nalitundika, dada, na mwenyewe sikuwa nimejiambia kwa nini.

Wa pili alikuwa wifi yako. Yeye alisema jikoni, akiwa anachambua mchele, bila hasira. Alisema tangu nianze kuwa si kitu, humu ndani hakuna nafasi ya mtu mwingine. Chakula kikiwa kizuri tunazungumza jinsi mimi nisivyojali chakula. Mtoto wa jirani akiumwa tunazungumza jinsi nilivyoomba kwa siri. Alisema bora yule mume wa zamani, mwenye kujisifu kwa kutengeneza redio, maana yule angalau akishajisifu alikuwa anatulia na kuuliza wengine wameshindaje. Nilikasirika, nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Mzunguko wa pili nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nikipanga jinsi ya kumsamehe kwa unyenyekevu.

Jumatano iliyofuata nilinyoosha mkono, nikamuuliza mchungaji mtu atajuaje kwamba nafsi yake imekufa kweli. Akaniangalia kidogo, unamjua anavyoshusha miwani. Akasema, "Ukiona mazishi yake yana watu wengi, jua bado iko hai." Chumba kizima kilicheka, na Babu Funguo, aliyekuwa mlangoni akisubiri kufunga, alicheka kuliko wote. Mchungaji akaendelea kwamba kosa la wengi ni kudhani nafsi ni mwizi, ukimshika unampiga mpaka afe. Yeye anaona Mungu hakumpa mtu "mimi" kwa bahati mbaya. Huyo "mimi" ana mahali pake na kazi yake, na shida ni pale anapotaka kukaa mahali pote. Nililiandika lile kwenye daftari, lakini kusema kweli sikulielewa. Nilikuja kulielewa kwenye mazoezi, kwa njia ya waya uliokatika.

Hapa itabidi nikueleze kidogo kazi yangu, maana miaka yote uliyoimba ulinitazama nikizungusha vidude tu, hatukuwahi kukaa nikakueleza. Ile mashine ya sauti ina vidude vya kusukuma juu na chini, kila kipaza sauti na chake, na juu ya kila kimoja nimebandika utepe mweupe wenye maandishi. Ziko spika kubwa mbili zinazowatazama watu. Halafu iko ile ndogo ya sakafuni, miguuni pa mwimbaji, inayomtazama yeye. Hiyo si ya watu, na ina kidude chake peke yake. Hiyo ni ya kumrudishia mwimbaji sauti yake kidogo, ili katikati ya kinanda na ngoma na kwaya nzima nyuma yake ajue yuko wapi. Nikiipandisha sana, anajisikia mwenyewe tu, anawaacha wenzake njiani. Nikiizima, hajisikii kabisa, na hapo mwimbaji hata awe hodari vipi huanza kusukuma, anasukuma mpaka anatoka kwenye wimbo na koo linapasuka. Watu wa mbele hawajui kinachoendelea. Wao wanasikia tu mtu ameharibu.

Basi sasa wimbo wako anaimba nesi mmoja, mpole, anafanya kazi wodi ya watoto na mara nyingi hufika na viatu vyake vyeupe vya kazini. Jumamosi ile ya mazoezi alianza vizuri, lakini ubeti wa pili nikamsikia anasukuma. Shingo ilimtoka mishipa, akapanda juu ya wimbo, sauti ikachanika. Mwalimu akaacha kupiga. Akasema kwa huzuni, bila kumlenga mtu, kwamba hivi hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Kengele, pale pale kwenye ubeti wa pili. Unaona bado wanakuita Kengele. Na mimi bado ni mdogo wake Kengele, hata fundi umeme aliyekuja majuzi aliniulizia kwa jina hilo.

Yule nesi hakulia wala hakushika koo. Aligeuka moja kwa moja kwenye mashine, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba sindano, "Fundi, sisikii sauti yangu." Nikaenda, nikapiga magoti pale mbele, nikakuta waya wa spika ya miguuni umekatika kwenye shina, umekanyagwa. Nikauunga dakika tano. Akaimba tena, na dada, akaimba safi kabisa, mpaka Babu Funguo akaegemea ufagio.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti pale chini. Mwalimu akanitazama juu ya kinanda chake, akauliza taratibu kama siku ile ulipoimba wewe spika hii ilikuwa ikifanya kazi. Watu ishirini walikuwa wananitazama. Nikasema sikumbuki.

Nilisema sikumbuki, nikarudi kwenye mashine yangu, nikamaliza mazoezi, nikazungusha nyaya vizuri kama kawaida, nikaenda nyumbani. Sikula. Wifi yako alidhani ni tumbo. Asubuhi nikamwambia yote, akasema neno moja tu, kwamba nikuandikie. Badala yake nikaenda kwa mchungaji. Nadhani nilitaka anipe adhabu kubwa, ya kufunga siku arobaini au kitu kama hicho, kitu cha kupendeza. Hakunipa. Aliniuliza, "Unataka dada yako apate sauti yake, au wewe upate usingizi?" Nikasema vyote viwili. Akasema basi nianze na cha kwanza. Na akanionya nisije nikakuandikia kurasa nne juu ya ubaya wangu, nikijigaragaza na kujilaani, maana hapo nitakuwa nimekwenda kusimama mbele yako kwa mara ya pili. Niseme kilichotokea, niseme chote, halafu nikupishe. Nitajaribu.

Dada, siku ya kufungua jengo jipya sauti yako haikukata. Nilizima spika ya miguuni. Nilizima kwa mkono wangu, kwa kujua.

Ilikuwa hivi. Majuma matatu nilikuwa juu ya ngazi peke yangu, napitisha nyaya kwenye dari, nameza vumbi. Siku yenyewe mwenyekiti wa ujenzi akasoma orodha ya shukrani: maseremala, wapaka rangi, dereva wa mchanga, hata mama aliyeazima vyungu vya maua. Nikasubiri. Akakunja karatasi. Halafu wakakutaja wewe, na watu wakapiga makofi kabla hujafungua mdomo. Mgeni mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kama ninamjua yule anayekwenda kuimba, nikasema ni dada yangu. Akanipongeza, akasema nina bahati ya kuzaliwa nyumba moja na kipaji. Nilicheka naye. Ubeti wa pili ulipoanza, kidole changu kikashusha kile kidude cha spika yako ya miguuni mpaka chini.

Sikutaka uanguke. Naapa hilo ni kweli, ingawa halipunguzi kitu. Nilitaka uyumbe kidogo tu, watu wageuke nyuma, waulize fundi yuko wapi, nami nipandishe, mambo yawe mazuri, na kila mtu ajue kwamba nipo. Lakini hakuna aliyegeuka, dada. Wote walikutazama wewe. Ukasukuma, ukapanda, ukapasuka. Nami nilikuwa nimevaa vile visikilizio vya masikioni, kwa hiyo nilisikia kile ambacho kanisa zima halikukisikia. Ulitoa mdomo pembeni ya kipaza sauti ukasema, "Sisikii sauti yangu." Ulikuwa unanitazama mimi. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta waya. Nilipoinuka nikakipandisha, wewe ulikuwa umeshakwenda kukaa.

Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni jioni yake kwa mama, wewe umefunga kitambaa shingoni, ukaniuliza mimi, mimi fundi, kama mitambo ilikuwa sawa. Nikakwambia mitambo ilikuwa sawa. Nikasema labda ni umri, pumzisha koo. Nikakusindikiza kwa daktari, nikaketi na wewe kwenye benchi. Daktari akakuangalia na kile kioo kidogo, akasema haoni kasoro yoyote, na wewe ukatoka umenyong'onyea, ukaniambia basi ni ugonjwa usioonekana. Nikakushika mkono kuvuka barabara. Juma la tatu shemeji akahamishwa kazi mkaondoka, na mimi nikaona aibu yangu imeondoka pamoja nanyi.

Najua unavyofikiri, dada. Utasema huyu mdogo wangu ana huruma, amebuni hadithi ili nikubali kuimba. Ndiyo maana nimekuwekea flashi ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Mashine ile hurekodi kila ibada. Ya siku ile niliifuta kwenye kompyuta ya kanisa mtu asije akaisikiliza, lakini kabla ya kufuta niliinakili, sijui kwa nini, labda yule "mimi" mwingine alikuwa bado hajalala. Mwombe shemeji akufungulie, halafu mwombe atoke chumbani. Sikiliza ubeti wa kwanza. Sikiliza ulivyo mzima, hakuna hata uzi uliolegea. Kisha sikiliza pale unapoanza kusukuma, na utajua mwenyewe, maana wewe ni mwimbaji, kwamba ile si sauti iliyokwisha. Ni sauti ya mtu aliyenyimwa masikio yake. Na mwishoni kabisa, kwa mbali, utajisikia ukiniomba.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia pia, sikutaka urudi kwenye uongo. Alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakaa. Kisha akasema miaka miwili hii amekuwa akiamini kosa ni lake, kwamba aliupandisha wimbo juu mno kuliko umri wako, na ndiyo sababu hajaupiga tena kwa kiwango kile. Sikujua. Unaona nilivyoeneza. Hakunisemesha maneno makali, ila alinikumbusha nisisahau kukuambia kwamba wimbo ataupiga pale pale pa zamani, hataushusha hata kidogo. Watu wa kwaya nitawaambia mwenyewe Jumamosi. Mama bado sijamwambia, kwa sababu nikimwambia leo atakupigia simu kabla barua haijatoka mtaani. Hilo nakuachia wewe uchague siku.

Usifikiri nakuandikia nikiwa na majonzi. Ajabu ni kwamba moyo umetulia, umetulia kwa namna ambayo vyoo vyote vile havikunipa. Nimerudisha mashati yangu kabatini, wifi yako amelifanya lile la kijivu dekio. Mtu akinishukuru namwambia karibu, basi, tunaendelea. Jumapili nikiwa kwenye mashine, ibada nzima ikipita bila kichwa kugeuka nyuma, nafurahi kama mtu aliyeshiba. Na Jumatano nilipoulizwa nafsi ni nini, nilisema nadhani ni kama ile spika ndogo. Inawekwa chini, miguuni, imwambie mtu yuko wapi ili aimbe na wenzake. Mimi yangu niliigeuza iwatazame watu, na yako nikaizima. Mchungaji aliandika kitu kwenye daftari lake, na sikuuliza ameandika nini.

Dada, sikuombi unisamehe ndipo uje. Hayo ni mambo mawili, na la msamaha lina muda wake, hata ukichukua miaka miwili ni haki yako. Ninachokuomba ni kidogo. Ukimaliza kusikiliza, ingia jikoni kwako, funga mlango, uimbe ubeti mmoja. Hakuna kipaza sauti, hakuna spika, hakuna mimi. Hapo utajisikia mwenyewe, na hakuna atakayeweza kukupokonya tena. Ukiamua kuja, kuna kiti chako na kitanda chako. Ukitaka mkono wangu usiguse mashine siku hiyo, sema tu, nitamwachia mtu mwingine nami nikakae nje na Babu Funguo. Ukitaka niwepo, njoo Jumamosi mapema tupime sauti wawili, wewe ukiwa mbele unanyoosha kidole, juu, chini, mimi nafuata mpaka useme imetosha.

Nisalimie shemeji, na umwambie asinipigie kwanza. Wapwa zangu wapakate mmoja mmoja kwa niaba yangu, hata kama wamekua wanakataa. Mama anasema usiache kunywa vitu vya moto, na wifi yako anasema amekukatia kitambaa cha gauni, anasubiri vipimo. Mungu akulinde, akulindie na hicho kifua.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekusikia.